Nishikie Kidogo: Gumba na Viatu vya Njia Ndefu

Wasikilizaji wapendwa, vuteni viti tukae. Kipindi hiki cha kuwakumbuka waliotutoka mmezoea kukisikia asubuhi, mkiwa mnapiga pasi au mnatafuta funguo. Leo nimeomba kisogezwe hadi saa kumi alasiri. Mkuu wa vipindi aliniuliza kwa nini saa kumi. Nikamwambia ni kwa sababu ya miguu. Akaniangalia, akatikisa kichwa, akasaini.

Na mkinisikia najigeuzageuza kitini, mnivumilie. Leo sijakaa vizuri. Sababu yake nitaisema kabla hatujaagana, na si sababu ya kujisifia.

Tunamkumbuka Gumba. Gumba alikuwa mpimaji wa viatu. Si mshonaji, wala si muuzaji tu. Mpimaji. Kama umewahi kutembea ile njia inayofuata mgongo wa milima, ile tunayoiita Njia Ndefu, siku kumi na tisa na begi mgongoni, basi huenda kabla hujaondoka ulishuka ngazi nane kwenda kwake, ukavua soksi mbele yake, ukaona aibu. Gumba alifariki Jumanne ya wiki iliyopita. Alikuwa na miaka hamsini na saba. Ameacha mke, binti mmoja na kaka mkubwa. Narudia kwa aliyechelewa kufungua redio: Gumba wa ngazi nane, mpimaji wa viatu, ametutoka Jumanne, akiwa na miaka hamsini na saba.

Jina la Gumba alipewa na wateja. Ukishavaa kiatu, yeye alipiga goti, akaweka kidole chake gumba mbele ya kidole chako kirefu kuliko vyote, akabonyeza pua ya kiatu. Gumba likiingia lote, kiatu ni chako. Lisipoingia, vua. Hapakuwa na mjadala. Mtu angesema, "Lakini mzee, mbona nikifunga kamba kinanikaa vizuri?" Gumba angejibu, "Kinakukaa hapa. Siku ya nne, ukiteremka, utanitaja vibaya."

Sasa niwaelezee duka, maana bila duka hamtamwelewa. Ni chumba cha chini ya jengo. Ukinyoosha mikono yote miwili unakaribia kugusa kuta. Kushoto maboksi mpaka darini. Kulia maboksi mpaka darini. Katikati kuna kigoda cha kupimia, na nyuma yake mteremko wa mbao, hatua nne kupanda, hatua nne kushuka. Aliutengeneza mwenyewe ili mteja ajaribu kuteremka kabla ya kuteremka kwenyewe. Dirisha ni moja. Liko juu kabisa, karibu na dari, usawa wa barabara, na halizidi ukubwa wa boksi la viatu. Ukiangalia kupitia dirisha hilo huoni anga. Nyuso huzioni. Unaona miguu inapita.

Gumba alikaa chini ya dirisha hilo miaka ishirini na sita. Mtaa mzima aliujua kwa viatu. "Karani wa posta leo kavaa vya mdogo wake," angesema bila kuinuka, na kweli, ungetoka nje ukamkuta karani anachechemea kwenye kona. Taa ilikuwa inawaka kuanzia asubuhi, kwa sababu bila taa humo hamuoni hata kamba zenu. Mimi nilikaa humo saa mbili tu mara ya kwanza, na nilipotoka nilisimama barabarani nikavuta pumzi kwanza.

Miaka ishirini na sita. Nasema tena, ishirini na sita. Na duka halikuwa lake.

Hapa nisikilizeni vizuri. Duka lilikuwa la kaka yake mkubwa. Baba yao alikuwa fundi viatu, na wote wawili walikulia kwenye harufu ya gundi. Kaka mkubwa akafungua duka la vifaa vya watembeaji, mdogo akawa anamsaidia. Walikuwa na mpango mmoja: kutembea Njia Ndefu pamoja, wao wawili, mvua zikikatika tu. Alasiri moja wakapimana viatu. Kaka akampima mdogo, mdogo akampima kaka. Walichagua raba za milimani, zile nyepesi zenye meno chini, si mabuti. Mabuti yakilowa, Gumba alikuwa akisema, unabeba mto mzima miguuni.

Siku tatu baadaye kaka akapata habari ya kazi nje ya nchi. Akamwita mdogo wake, akampa funguo. Akasema, "Nishikie duka kidogo. Wiki mbili tu, nikaangalie mambo. Usilifunge, wateja watapotea. Nikirudi tunakwenda."

Nishikie kidogo. Neno hilo sote tunalisema. Nishikie mtoto. Nishikie foleni. Nishikie simu nifunge kamba. Tunalisema tukiwa tumeshageuza mgongo. Gumba alikuwa na miaka thelathini na mmoja. Akashika.

Wiki mbili zikawa miezi. Kaka akipiga simu wanasalimiana, wanaulizana afya, halafu mwishoni, pale ambapo wengine huweka kwaheri, kaka anasema, "Basi nishikie kidogo, mdogo wangu, bado napanga mambo." Mwaka ukapita. Mitano ikapita. Simu zikapungua, zikawa mbili kwa mwaka. Neno likabaki lile lile.

Mtaniuliza, kwani angefunga siku kumi na tisa angekufa? Hata mimi nilimuuliza hivyo, na kinasa sauti mkononi, nikijiona hodari. Akaniambia, "Dada, kingekuwa changu ningekitupa hata leo. Hiki nimeambiwa nishike. Nikiweke wapi?"

Hakuajiri mtu, kwa sababu hakuambiwa aajiri. Hakupaka kuta rangi nyingine, kwa sababu kaka aliziacha za kijani. Kaunta ilikuwa imekaa vibaya, kila akipita inamgonga nyonga. Miaka yote hiyo hakuisogeza hata inchi moja, ili kaka akirudi aikute pale pale. Siku binti yake alipozaliwa alifunga nusu siku, halafu akampigia kaka yake simu kuomba radhi. Kaka alikuwa hata hakumbuki kwamba siku hiyo ni siku ya kufungua duka. Na katika maongezi yake yote hukumsikia Gumba akisema "dukani kwangu". Alisema "dukani kwa kaka", na wateja wageni walidhani kaka yuko stoo, anatafuta namba.

Mke wake anafanya kazi ya kufua mashuka ya hospitali. Ni mama wa maneno machache, na machache hayo yana meno. Alinikaribisha nyumbani kwao juzi, tukakaa sebuleni, akanionyesha nyuma ya mlango. Kuna begi. Begi la mgongoni, rangi ya bluu iliyofifia, limefungwa kamba zote.

"Mimi nimeishi na mtu aliyekuwa safarini bila kuondoka," alisema. "Begi limekaa hapo tangu naolewa. Nikifagia nalisogeza, nikimaliza nalirudisha. Siku moja nililiweka chumbani. Akarudi, akasimama hapo mlangoni, anaangalia pale lilipokuwa. Nikaenda nikalirudisha."

Nikamuuliza kama hakuwahi kukasirika. Akasema, "Nilikasirika miaka kumi. Halafu nikachoka kukasirika peke yangu, yeye mwenyewe hakasiriki."

Lakini msidhani alikuwa mtu wa kununa. Hapana. Gumba alikuwa na utani wake, na alikuwa na namna yake ya kuitembea njia ile. Kila mteja aliyeondoka na raba kwake aliagizwa neno moja: "Rudi unionyeshe kucha." Na watu walirudi. Mabwana wazima wenye heshima zao walishuka ngazi nane, wakavua viatu na soksi, wakanyoosha miguu. Gumba anahesabu. Kucha kumi, zote nzima, hakuna iliyokuwa nyeusi, hakuna iliyong'oka: hapo anacheka, anakupa mkono. Kucha tisa, anataka kujua ile moja imekwenda wapi, siku ya ngapi, jiwe gani. Halafu anazichukua raba zako, anazigonga juu ya gazeti, anaangalia udongo unaodondoka. "Huu mwekundu ni wa siku ya tano. Huu wenye kumetameta ni wa kule juu, baada ya daraja la kamba." Hakuwahi kufika siku ya tano. Hakuwahi kufika siku ya kwanza.

Wasikilizaji wapendwa, sasa naingia mimi kwenye habari hii. Ningependa nisiingie, lakini nimo.

Miaka tisa iliyopita nilikwenda kumhoji. Nilifika saa tatu asubuhi. Nikamwambia, kabla ya mahojiano nipime na mimi, maana mwaka huo nilikuwa nimejiapiza kuitembea Njia Ndefu. Akanitazama miguu, akasema, "Huo mguu bado umelala, dada. Rudi saa kumi." Nikadhani ananitania. Hakuwa ananitania. Nikarudi saa kumi, jasho linanitoka, miguu imefura kwa kutembea mjini kutwa. Akasema, "Sasa ndiyo mguu."

Alinipima karibu saa nzima. Alinivalisha soksi nene za kutembelea, si zile nyepesi nilizokwenda nazo. Alinivisha begi lenye mawe. Alinipandisha na kunishusha ule mteremko mpaka nikaanza kuuchukia. Raba ya kwanza ilinibana pembeni, ya pili kisigino kilikuwa kinapanda, ya tatu gumba lake likaingia lote, likatulia. "Hizi," akasema. Sikuwa nimejiandaa kuzichukua siku ile. Nikamwambia, "Nishikie, nitapita Jumamosi."

Mmenisikia nilivyosema. Nishikie.

Na haikuishia hapo. Nilipozima kinasa sauti nikamuuliza kama yeye mwenyewe amewahi kwenda. Akasema, "Wenzangu wanashika njia. Mimi nimeshika duka." Mimi ni mtu wa maneno, kazi yangu ndiyo hiyo, na siku ile yalinijia kirahisi. Nikamwambia, "Basi Jumamosi nikija nitakushikia duka, wewe uende. Siku kumi na tisa ni nini? Nina likizo." Nilisema huku nacheka. Yeye hakucheka. Akauliza, "Kweli?" Nikasema, "Kweli kabisa."

Jumamosi hiyo mvua ilinyesha. Jumamosi iliyofuata nilikuwa na harusi ya binamu. Ya tatu sikumbuki. Halafu nikapata mimba ya mtoto wa kwanza, halafu wa pili, na Njia Ndefu ikaingia kwenye lile kabati la mambo ya baadaye. Aibu ikanikamata. Nikaanza kupita ng'ambo ya pili ya barabara. Mnajua kwa nini? Kwa sababu ya lile dirisha. Nilijua angenitambua miguu.

Miaka tisa nimepita ng'ambo.

Jumanne hiyo, saa kumi na robo alasiri, Gumba alikuwa na mteja, mwalimu wa jiografia wa shule ya sekondari. Mwalimu mwenyewe ndiye aliyenisimulia. "Nilikuwa nateremka ule mteremko wa mbao, begi mgongoni. Akaniuliza, kidole kinagonga? Nikasema hakigongi. Akasema, vizuri. Nikafika chini, nikageuka, nikamwona ameegemea maboksi. Nilidhani anapumzika." Moyo ulikuwa umesimama. Amefia kwenye kigoda cha kupimia, duka likiwa wazi.

Kaka mkubwa alikuja kwa mazishi. Ni mzee mwenye miaka sitini na sita sasa, mpole, mvi kichwa kizima, suti nzuri. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia, niseme ukweli. Lakini nilimwona makaburini akilia mpaka akashikwa mabega na vijana wawili, na chuki ikaniponyoka mikononi.

Baada ya mazishi tulikaa sebuleni kwa marehemu, watu wa nyumbani na majirani wachache. Mke wa Gumba akachukua funguo za duka, akaziweka mezani mbele ya kaka mkubwa. Akasema, "Shemeji, amana yako hii. Mwenzangu amekushikia mpaka mwisho."

Kaka akaziangalia zile funguo kama mtu aliyeletewa barua ya mtu mwingine. Akasema, "Amana yangu? Duka si la kwake?"

Tukaangaliana chumba kizima.

"Mimi najua ni lake," akasema. "Miaka zaidi ya ishirini najua ni lake. Mimi nilishahamia kule, nimejenga kule, duka la nini? Nilimwachia mdogo wangu. Mbona hakuniuliza?"

Mke wa Gumba akamjibu taratibu, "Na wewe ulimwambia lini?"

Kaka akaziangalia tena zile funguo. Akafikiri. Nilimwona anazitafuta simu zote zile kichwani, mwaka baada ya mwaka, anatafuta ile aliyosema chukua, ni lako. Hakuipata. "Lakini lilikuwa linajulikana," akasema, na sauti ikawa ndogo. "Nilikuwa nasema nishikie kama salamu tu. Ni mdomo umezoea."

Wasikilizaji wapendwa, mwenye duka alidhani ameshalitoa. Mwenye kulishika alidhani bado analishika. Na kati yao kulikuwa na simu mbili kwa mwaka. Kumuuliza mkubwa wako "unarudi lini" ni sawa na kumwambia umechoka naye, ndivyo alivyoamini Gumba, na kwa hiyo hakuuliza. Nimelifikiria jambo hili wiki nzima na bado linaniuma. Neno moja lingemfungulia mlango, na hakuna aliyekuwa amelificha.

Sasa angalieni mdomo uliozoea unavyofanya kazi. Kaka mkubwa akafuta macho, akazichukua funguo, akazitazama, akamgeukia binti wa marehemu. Huyu binti ana miaka ishirini na nne, ni mpima ardhi. Baba yake alikuwa akitania kwamba nyumba ile ni ya wapimaji, yeye anapima kinachokanyaga na binti anapima kinachokanyagwa. Kaka akamnyooshea funguo, akasema, "Basi mwanangu, ndege yangu ni Alhamisi. Wewe nishikie kid..."

Akasita mwenyewe. Lakini lilikuwa limeshatoka.

Mama yake aliinamisha kichwa. Mimi nilikuwa nimekaa karibu na mlango, karibu na lile begi. Binti alizitazama funguo. Alikuwa ameshika kikombe cha chai kwa mikono yote miwili, na hakukiweka chini.

"Baba mkubwa," akasema, "mikono yangu imejaa."

Alisema kwa adabu, hakupandisha sauti. Kaka mkubwa akaitikia kwa kichwa. Akazirudisha funguo kwenye mfuko wa suti yake, mfuko wa ndani, akaufunga kifungo. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka ishirini na sita zile funguo kulala kwa mwenyewe.

Kesho yake alikwenda kulifungua duka mwenyewe, tukamsindikiza, mimi, mama na binti. Akashuka ngazi nane. Akawasha taa. Akapita nyuma ya kaunta, na kaunta ikamgonga nyonga.

"Nani kaiweka hapa?" akauliza, akijishika.

"Wewe," shemeji yake akamjibu.

Chini ya kaunta tulikuta maboksi. Boksi la kwanza lina karatasi imeandikwa "Zangu". Ndani kuna raba za milimani, namba arobaini na moja, za zamani, gundi imekauka mpaka ukizikunja zinalia. Boksi la pili nalo "Zangu", arobaini na moja tena. La tatu na la nne arobaini na mbili. La tano na la sita arobaini na tatu. Binti akatueleza. Raba zikikaa miaka minne, mitano, soli hukakamaa hata kama hazijavaliwa. Na mguu wa mtu nao hupanuka kadiri anavyozeeka. Kwa hiyo baba yake kila miaka kadhaa alijipima upya, saa kumi alasiri, akajichagulia zinazomkaa sawasawa, akaziweka tayari. Nilizigeuza zote. Jozi sita. Soli zake zilikuwa safi, hazina hata chembe ya vumbi. Za mwisho alikuwa ameshazitia kamba.

Boksi la saba limeandikwa "Za kaka. Atakuja." Kaka mkubwa akakaa kwenye kigoda, akaliweka mapajani, hakulifungua.

Na la nane, wasikilizaji wapendwa, lilikuwa na jina langu la mtaani. "Za dada wa redioni. Nimemshikia. Akija apimwe upya."

Juu ya boksi kulikuwa na daftari. Mke wake akasema alirudi nalo nyumbani jioni ile ile niliyomhoji, jipya, akakaa mezani anaandika, akimwambia, "Nimepata mtu." Lilikuwa daftari la maelekezo. Maelekezo yangu mimi, ya namna ya kuwapima watu viatu akiwa yeye yuko njiani. Nimeomba ruhusa niwasomee kidogo.

Anaandika: "Dada, asubuhi usimpime mtu. Muuzie kamba, mpe maji, mpigishe hadithi, lakini usimpime. Mguu wa asubuhi unadanganya. Njiani utavimba, atalala nao na ataamka nao."

Anaandika: "Atakuambia yeye huvaa arobaini. Mwitikie, mpe heshima yake, halafu mletee arobaini na moja bila kumwambia. Watu wanapenda namba zao kuliko vidole vyao."

Anaandika: "Toa soli ya ndani, iweke sakafuni, asimame juu yake. Nyama ya mguu ikimwagika pembeni, kiatu ni chembamba, na asikudanganye kwamba kitaachia. Mguu mmoja huwa mkubwa kuliko mwenzake. Pima kwa mkubwa. Mdogo utauongezea soksi. Mkubwa ukibanwa hauna pa kwenda."

Na hapa: "Begi la mawe lina kilo kumi na mbili. Akiteremka nalo usimwangalie miguu, mwangalie uso. Kidole kikigonga, uso unasema kabla ya mdomo. Kwako dada itakuwa kazi rahisi, umezoea kuwasikiliza watu."

Kurasa ishirini na mbili. Ukurasa wa mwisho una mistari miwili tu. "Kaunta usiisogeze. Nitarudi siku ya ishirini."

Nilimuuliza binti kama baba yake alinisema vibaya. Akasema, "Hapana, anti. Alikuwa anakuona kwenye dirisha. Anasema tu, dada wa redioni leo kapita ng'ambo, ana haraka." Miaka tisa alinipa udhuru huo huo, na wateja wawili watatu wenye mguu kama wangu walizitaka zile raba akawaambia zina mwenyewe.

Kwa mke wa marehemu, mama yetu wa maneno machache, tunakupa pole. Kwa binti, mpima ardhi, pole sana, na hongera kwa kile kikombe cha chai. Kwa kaka mkubwa, ambaye ndege yake imeondoka bila yeye na bado yuko kule chini anapanga maboksi, pole nawe. Mwenyezi Mungu ampumzishe Gumba mahali pakubwa, penye madirisha.

Na ninyi mnaonisikiliza, naomba tufikiri pamoja kidogo. Yupo mtu uliyemwambia nishikie. Mtoto wako yuko kwa mama yako tangu lini? Mgonjwa wenu anauguzwa na nani, kwa sababu ndiye aliyekuwa karibu siku ile? Usimpigie simu ya salamu. Nenda, ukachukue kilicho chako, au umwambie kwa mdomo wako kwamba umemfungulia, halimfungi tena, aondoke. Nami niliye wa mwisho kustahili kuwashauri ndiye ninayewashauri.

Niliahidi kuwaambia kwa nini sijakaa vizuri. Nimevaa zile raba. Nimezivaa hapa studio, na soksi nene kama alivyonifundisha, na nimefunga kamba zote. Sikumkuta mtu wa kunipima upya. Nimezaa watoto wawili, miguu imepanuka, na nimeweka kidole gumba changu mbele ya kidole kirefu, nikabonyeza. Halikuingia hata nusu.

Sasa hivi ni saa kumi na dakika arobaini alasiri, saa ya mguu wa kweli. Zinanibana, wasikilizaji wapendwa. Zinanibana sana.